Rangi ya moto kwenye ekzosi ya pikipiki, mbona inabanduka?

MtuWaUjiji
Wakuu habari za saa hizi. Nina pikipiki ya kazi hapa Kigoma, napiga sana Ujiji na Mwandiga, mara nyingine nakwea mpaka Kalinzi na mzigo. Bomba la ekzosi, kile kipande kinachotoka kwenye silinda mpaka kwenye mafla, limeliwa na kutu. Fundi mmoja alinipulizia rangi nyeusi akasema ni ya moto, yaani ya kuhimili joto kali, wiki haikuisha ikaota malengelenge ikaanza kubanduka, na karibu na silinda imeungua kabisa. Sasa nataka nifanye mwenyewe nyumbani. Dukani Mwanga nimeona kopo limeandikwa 1200 na lingine la bei poa 500, nichukue lipi? Na hii kutu ni chumvi ya ziwa au?

Fundi_Gungu
Ndugu ziwa usilisingizie, maji ya Tanganyika ni baridi siyo ya chumvi kama bahari. Kutu yako ni maji ya mvua na matope yanarukia bomba la moto kila siku.

Kuhusu namba, angalia herufi iliyo mbele yake, mara nyingi ni F, yaani Farenhaiti. 1200 ya F ni kama nyuzi 650 za selsiasi, hiyo 500 ni 260 tu, hiyo ni ya kupaka injini kwa nje, bomba likipanda mlima na mzigo linapita hapo kirahisi. Chukua 1200.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kusafisha. Fungua bomba lote, piga brashi ya waya halafu msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe, malizia na 180. Kama kuna sehemu bado ina kromu inang'aa ikwaruze yote maana rangi haishiki pale. Futa na tina, badilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi, na ukishafuta usiguse kwa mkono mtupu, vaa glavu, mafuta ya vidole yakibaki ukipasha moto utaona alama za vidole vyako zimejichora hapohapo. Puliza kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu bado unaona chuma, subiri kidogo rudia, mikono mitatu inatosha. Ukipuliza nzito tina inabaki chini, moto ukija inachemka ndo hayo malengelenge.

MamaDula_Tabora
Fundi samahani, si aanze na andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini, ili ishike vizuri? Na nimesikia inaokwa, anaweza kutumia oveni ya mikate?

Fundi_Gungu
Dada andakoti ya kawaida hapana kabisa, inaungua chini inanyanyua rangi yote ya juu. Oveni ya chakula pia hapana, ule moshi ni sumu. Inakomaa kwenye pikipiki yenyewe, rangi hizi zina silikoni, hewa inazikausha tu ila moto ndo unazikomaza. Washa iungurume bila kuvuta moto dakika 10, zima ipoe 20, washa tena 20, ipoe 20, halafu endesha nusu saa barabara tambarare. Kopo likisema tofauti fuata kopo. Fanyia nje, itafuka.

MtuWaUjiji
Aisee basi ndo hapo, yule alipaka ya kijivu kwanza ndo akaja na nyeusi, tena bomba likiwa hukohuko kwenye pikipiki!!

KijanaWaMwandiga
Kaka kabla hujanunua rangi gongagonga bomba na mpini wa bisibisi, hasa pale kwenye kona ya chini. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na hizi safari fupifupi za abiria bomba halipati moto wa kutosha kuukausha, maji yanatuama kutu inakula kutokea ndani. Sehemu ikilia tofauti au ikibonyea peleka ikachomelewe kwanza, rangi ya nje haitasaidia kitu. Na watu watakwambia uzungushie ule utepe wa kuzuia joto, kwa mvua zetu unashika maji unaozesha chuma haraka zaidi.

MtuWaUjiji
Nashukuru sana wakuu. Gasketi ya pale kwenye silinda nirudishe ileile?

Fundi_Gungu
Weka mpya. Na uso unaokutana na gasketi uzibe kwa tepu ya karatasi kabla hujapuliza, rangi isiingie pale, itaungua ekzosi ianze kuvuja. Nati kaza kidogokidogo kwa zamu, halafu zirudie bomba likishapoa baada ya ule moto wa kwanza.