Kwa nini Sayyid Barghash alikataa kuonana na umbu lake Salme mwaka 1885?

Mwana wa Langoni, Lamu
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Hapa Lamu habari za watoto wa Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa mtawala wa Oman na Unguja, bado huzungumzwa barazani, lakini kuna jambo moja ambalo wazee huligusa juu juu tu. Mwaka 1859 Sayyida Salme, akiwa binti wa miaka 15, ndiye aliyekuwa katibu wa Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani wa Unguja. Msichana aliyejifunza kuandika kwa siri, akiziiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndiye aliyeandika barua za kuwaita wakuu na kuagiza bunduki na baruti. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, yeye na dada yake Khole waliingia wakamtoa akiwa amevishwa nguo za kike, yakionekana macho tu. Miaka 26 baadaye Salme alirudi Unguja, na Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, hakukubali hata kumwona. Wengi husema ni kwa sababu alibatizwa na kuolewa na Mjerumani. Je, sababu hiyo peke yake inatosha?

Msomaji wa Mkunguni
Wa alaykum salaam, kaka. Kwa maoni yangu haitoshi, kwa kuwa walikwisha kukosana kabla Salme hajaondoka Unguja. Watoto wale walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali: mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, ilhali mama yake Salme na mama yake Majid walikuwa Wasarkasi, watu wa milima ya Kaukasi. Salme aliwahi kukaa na mama yake nyumbani kwa Majid, na Majid ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha, kwa hiyo alipojiunga na Barghash alimgeuka kaka aliyemlea. Uasi uliposhindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash alipelekwa Bombay, lakini Majid hakumwadhibu Salme, na baada ya muda wawili hao wakapatana. Hapo ndipo upande wa Barghash ulipomsusa. Alipotorokea Aden kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, hakuwa na mtetezi mkubwa upande wowote.

Bi wa Mkomani
Mwanangu, tusiisahau mirathi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 Salme alikuwa Mwislamu, na fungu lake alilipata. Alichokuja kudai baadaye ni urithi wa ndugu waliokufa baada ya yeye kubadili dini, akiwemo Majid mwaka 1870 na Khole mwaka 1875, na katika sheria yetu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kwa upande huo Barghash alikuwa na hoja. Hata hivyo, sheria haikumkataza kumpa umbu lake hiba, naye alikuwa mjane tangu 1870, mumewe alipofariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg na kumwachia watoto watatu wadogo, hata ikambidi kufundisha Kiarabu ili apate riziki. Mimi katika hilo simpi Barghash udhuru.

Mkaazi wa Malindi
Bi, nakuheshimu, lakini mwaka 1885 haukuwa mwaka wa hiba. Wajerumani walikuwa wamekwisha kudai nchi za bara alizozihesabu Barghash kuwa zake, na Ahmed Simba, mtawala wa Witu, jirani yenu huko Lamu, alikuwa ameingia chini ya ulinzi wao. Mwezi wa Agosti manowari zao zilitia nanga mbele ya jumba la Sultani, mizinga ikilielekea, na Salme alifika pamoja nazo. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alijua kwamba mtoto wa kiume wa Salme ni raia wa Ujerumani mwenye damu ya ukoo wa kifalme. Kumkaribisha mama yake barazani, hata kwa kikombe cha kahawa, kungehesabiwa kuwa ni kulikubali dai lake mbele ya mabalozi wote. Isitoshe, watu wa mjini walimfuata Salme njiani wakimwamkua kwa furaha, jambo ambalo mtawala aliyezingirwa hawezi kulipenda.

Tazameni pia yaliyofuata. Barghash alifariki Machi 1888, na mwaka huo huo Salme akarudi Unguja kwa matumaini mapya. Sultani sasa alikuwa Khalifa, ndugu yao mwingine, ambaye hakuwa na kisa chochote cha mwaka 1859 cha kumkumbusha. Naye pia hakumpokea.