Jenereta ya gesi Changamwe: rejeta za juu ya paa au mnara wa kupozea?

fundi_miritini
Asalaam aleykum wakuu. Kiwanda chetu kinaleta jenereta ya gesi ya MW 1. Bosi anataka kotesheni mbili kufikia Ijumaa: rejeta kavu (za kupozwa kwa feni) za kulazwa juu ya paa, au mnara wa kupozea kwa maji. Mnara ni rahisi kwa bei. Nani ameziendesha hizi hapa Pwani?

Mzee_wa_Kipevu
Waaleykum salaam. Kijana, umeacha yote ya maana. Gesi gani? Kenya hatuna bomba la gesi asilia. Paa liko juu kiasi gani? Maji mnayapata wapi? Bila hayo tutabahatisha tu.

fundi_miritini
Samahani mzee. Ni LPG, gesi ya mitungi. Paa ni mita 14 hivi juu ya injini. Maji ya mfereji huja kwa zamu, yakikatika tunatumia kisima, nacho kina chumvi.

stimu_dar
Sisi huku Dar tumezoea gesi asilia ya Songo Songo, LPG, ambayo zaidi ni propani, ni habari nyingine. Namba ya methani (kipimo cha gesi kustahimili kugonga) ya methani safi ni 100, propani ni kama 34, kwa hiyo injini inagonga upesi, yaani gesi inajilipukia ovyo ndani, hewa inayoingia ikiwa ya moto. Usipigie hesabu maji ya koti, yale yanayozunguka injini, peke yake. Yale yanatoka na nyuzi 90 hivi, hata hewa ikiwa 35 bado pengo ni kubwa. Shida iko kwenye intakula, kile kipoza hewa inayoingia injini, inayotaka maji ya 40 hivi. Pengo la nyuzi 5! Rejeta ya hapo itakuwa kubwa mno. Mnara unaweza kukupa maji ya 30.

chumvi_na_chuma
Mnara kwa maji ya kisima cha chumvi? Hapana. Lakini rejeta nazo zina mambo. Nilikuwa kiwanda kimoja karibu na bahari, mkandarasi akaleta rejeta za mabomba ya shaba na mapezi (yale mabati membamba ya kutolea joto) ya alumini matupu. Kaskazi ya pili haijaisha, ukigusa pezi linabaki unga mweupe kidoleni. Chumvi ikiingia pale shaba na alumini zinapokutana, alumini ndiyo inayoliwa. Bomba bado zima, lakini pezi halilishiki tena, joto halitoki. Juu ya hayo walizipanga nyuma ya ukuta wa matangi, hewa ya moto ikawa inarudi kuvutwa tena chini. Mwezi wa tatu, kila alasiri jenereta inajizima na mzigo wote. Mkandarasi akasema tumwagie maji! Tulimwagia, chumvi ikazidi. Mwishowe koili zote zilitupwa. Andika kwenye oda: mapezi yapakwe epoksi kiwandani, yaachane vya kutosha kuoshwa, na miguu iwe mirefu ili hewa iingie chini bila kubanwa.

Mzee_wa_Kipevu
Kweli kabisa. Na hesabu ya maji hiyo hapa: MW 1 ya umeme inaacha kama kW 650 za joto kwenye maji ya kupozea. Ukizitoa zote kwa mvuke wa mnara, ni karibu lita 1,000 kila saa, bado hujamwaga yale yaliyokolea chumvi. Utaagiza maboza mangapi?

stimu_dar
Basi agawe: koti liende rejeta kavu, mnara mdogo ubaki wa intakula, kwa maji ya mfereji yaliyolainishwa.

chumvi_na_chuma
Mitambo miwili ya kutunza badala ya mmoja. Mimi ningenunua rejeta kubwa zaidi, basi.

Mzee_wa_Kipevu
Tazameni pia urefu. Mita 14 za maji ni presha ya kama bar 1.4 kwenye injini ikiwa imesimama, na pampu inaongeza. Muulize mtengenezaji kikomo cha presha. Ukipita, utaweka kibadilisha joto cha sahani katikati, kutenga maji ya injini na ya paani, nacho kinakula nyuzi kadhaa, na intakula haina nyuzi za kutoa.

mama_pampu
Na msiweke glaikoli, dawa ya kuzuia maji kuganda, kwa mazoea. Mombasa haigandi, na glaikoli inapunguza uwezo wa kubeba joto. Dawa ya kuzuia kutu inatosha.

stimu_dar
Watengenezaji wengine wanaidai ili dhamana isimame.

mama_pampu
Wanaidai kwa nchi za baridi. Soma jedwali la maji la injini yenyewe.

fundi_miritini
Shukran. Kikomo cha bar nitakiulizia kesho. Jambo jingine: kando ya ukuta wetu kuna nyumba za watu. Feni za kasi ya kubadilika zinapunguza kelele usiku?

chumvi_na_chuma
Sana, usiku hewa ikipoa zinazunguka polepole. Lakini kelele hufuata upepo: nyumba ziko upande gani, wa kusi au wa kaskazi?