Salvador, Bahia, Brazil: tumelipia makanisa, tumeishia kwenye duka la vito

Wakuu, nina hasira na nitaandika kwa hasira.

Kampuni ya utalii tuliyoilipa ilitangaza "mji mkongwe wa Salvador na makanisa yake", na picha kubwa ya ndani ya São Francisco, lile kanisa ambalo nakshi zake za mbao zimefunikwa dhahabu toka chini hadi juu. Dari la kanisa hilo liliporomoka Februari 2025, likaua mtalii na kujeruhi wengine, likafungwa. Dunia nzima ilisikia. Sisi tumekwenda miezi kadhaa baadaye kwa tangazo lilelile! Tukasimamishwa nje penye msalaba wa mawe, mlango umefungwa, tukaambiwa tupige picha.

Hata hilo ningelimeza. Muda uliookolewa ukaenda wote kwenye duka la vito, wauzaji wametuzunguka, kiongozi wetu anakunywa kahawa na mwenye duka.

Na hatua chache tu chini ya mteremko kuna Rosário dos Pretos, lenye uso wa buluu. Tulilipita! Kanisa hilo lilianza kujengwa 1704 na udugu, yaani chama cha waumini, wa Waafrika, watumwa kwa walioachwa huru. Mchana waliwafanyia kazi mabwana, usiku wakaja kujenga, na ujenzi ukachukua karibu miaka mia. Nyuma yake kuna makaburi ya watumwa. Ndani kuna watakatifu weusi: Benedito, Efigênia, na Elesbão, ambaye ndiye Mfalme Kaleb wa Aksum, Ethiopia. Mtu umetoka Afrika Mashariki, umevuka bahari, unapitishwa mlangoni kwa mfalme wa ukanda wako huku unaambiwa "haraka, basi linasubiri"! Na ilikuwa Jumanne, siku ambayo jioni misa husaliwa kwa ngoma.

Hata uwanja wa Pelourinho, mahali pa nguzo ya kuwachapia watumwa hadharani, maelezo yalikuwa kwamba mwanamuziki wa Marekani alirekodi video pale. Basi. Mijeledi haikutajwa kabisa.

Nimedai nirudishiwe pesa. Wamejibu kwamba "ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali". Hali gani? Mlango ulishafungwa kabla hawajapokea hata senti yangu. Mnaopanga kwenda, waambieni wawaandikie majina ya makanisa mtakayoingia, na kama yako wazi, ndipo mlipe.