Dona au sembe? Mi naona tunabishania unga tunasahau mahindi

Wakuu habari za saa hizi. Siku hizi mtu akiambiwa ana sukari ushauri wa kwanza ni "acha sembe kula dona", mpaka asiyeumwa ukimkuta na sembe anajitetea kama kafumaniwa. Sipingi kwamba dona ina lishe. Mahindi yakikobolewa kupata sembe yanatoka ganda lenye nyuzinyuzi na kiini chenye mafuta na vitamini, kinachobaki sehemu kubwa ni wanga.

Ila sumukuvu je? Hiyo sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani palepale tunapoambiwa pana faida, kwahiyo anayekoboa anaipunguza bila hata kujua ila wewe wa dona unasaga na kula yote, na usiniambie moto utaiua maana ugali usonge hata nusu saa haiondoki. 2016 Dodoma na Manyara walikufa watu karibu 20 kwa sumu hiyo. Kenya 2004, huko Makueni na Kitui, wagonjwa 317 wakafa 125. Mahindi hayo hayo ya ugali.

Mama yangu ana sukari, nikamnunulia dona ya pakiti, kuonja tu uchungu, mafuta ya kiini yameshachacha dukani. Karudi sembe. (Na hata angeila, bonge lake lile sukari ingepanda tu, dona nayo wanga.)

Mi nasema kama hujui mahindi yametoka wapi bora sembe, maharage na mchicha vijae sahani. Nisahihisheni.

MlaDona: Acha kutisha watu mkuu, babu zetu wamekula dona maisha yote na walikuwa wanalima heka tano kwa jembe la mkono.

Mleta mada: Babu zetu gani? Bibi alikuwa anatwanga kwenye kinu, anapepeta pumba wanapewa kuku, ndo anasaga. Hiyo dona iko wapi hapo?

Dada wa Kibaigwa: Mi nauza mahindi, wote mnazunguka tu. Ishu ni kuanika. Watu wanamwaga chini kwenye udongo, wanapakia hayajakauka, gunia linapata joto ndani kuvu inashangilia. Chukua chupa kavu tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, chumvi ikinata kwenye chupa hayo bado mabichi usinunue. Yakiwa makavu chambua, toa yaliyovunjika na yenye rangi rangi, peleka mashine usage ya wiki mbili tu isichache. Hapo dona kula mpaka ukinai.

Mleta mada: Dada hapo umenipata kabisa, na hiyo ya chumvi naijaribu. Ila mi nakaa chumba kimoja Manzese, gunia naweka wapi? Sisi wa pakiti za kilo mbili chupa na chumvi tunamtikisia nani, muuza duka?