Stendi zipi za flashi zinafaa kwa harusi za Lamu?

Mpiga picha wa Langoni: Assalaam aleikum. Ninapiga picha za harusi hapa mjini, na sasa ninataka kuitoa flashi juu ya kamera ili uso wa bibi harusi usionekane bapa. Kwa kuwa vifaa vyetu hubebwa mkononi, kwa punda au kwa mashua, mnanishauri ninunue stendi za namna gani?

Fundi wa Shela: Waaleikum salaam, dada yangu. Ndani ya nyumba, stendi nyepesi ya alumini yenye urefu wa mita 2.4 hivi inatosha. Ufukweni mambo ni mengine: kusi ikivuma, mwavuli wa kulainisha mwanga wa flashi hugeuka tanga, nami nimewahi kuiona flashi yangu ikianguka kabla sijaifikia. Tangu siku hiyo hubeba mifuko mitupu ya turubai, nikaijaza mchanga papo hapo na kuiweka juu ya miguu ya stendi, ambayo huitanua kadiri inavyowezekana. Ukirudi nyumbani, ifute stendi kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi hula skrubu upesi.

Mama Picha, Mkomani: Nakubaliana na kaka, lakini katika kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ambako ukumbi hujaa wanawake na watoto, miguu iliyotanuliwa huwakwaza watu. Mimi humpa msaidizi wangu fimbo ya kushikia flashi, nikamsisitizia asibadilishe umbali kati ya flashi na bibi harusi, kwa sababu umbali ukiongezeka maradufu mwanga hubaki robo tu.