Mdogo wangu wa Houston kapima vinasaba, kaambiwa yuko hatarini kupata tezi dume. Na mimi nimo?

Mtu wa Ngerengere
Wakuu, salaam. Nina miaka 44, niko Morogoro. Mzee wetu alifariki kwa saratani ya tezi dume, aligundulika akiwa na miaka 61. Sasa mdogo wangu aliyeko Houston kanunua kile kipimo cha kutema mate kwenye kichupa na kukituma kwa posta. Majibu yanasema ana tofauti kadhaa za jeni, "za kawaida", zinazoongeza hatari ya tezi dume. Mojawapo wameiandika 8q24. Tangu hapo kila akipiga simu wimbo ni huohuo: tumbo moja, damu moja, kwa hiyo na mimi ninazo. Ni kweli? Na kama ni za kawaida, mbona zinaleta saratani? Naombeni ushauri, matani baadaye.

Kobe wa Pugu
Matani ndiyo dawa, mkuu. Tafuna mbegu za maboga, achana na mate ya Houston.

Binti Maabara
Pole na msiba wa mzee, kaka. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari.

Kuna hitilafu za jeni ambazo ni adimu lakini zina nguvu, mfano zile za BRCA2. Mwenye nayo hatari yake inapanda sana: matiti na ovari kwa mwanamke, tezi dume kwa mwanaume. Za mdogo wako ni kundi jingine. Wanaziita za kawaida kwa sababu watu wengi wanazo. Kila moja ni punje ya chumvi kwenye sufuria, huionji. Zikirundikana nyingi kwa mtu mmoja, ladha inabadilika. Kwa tezi dume, kufikia 2023 watafiti walikuwa wameorodhesha 451. Hata aliyerundikiwa nyingi, si lazima augue.

Hiyo 8q24 ni eneo kwenye kromosomu ya 8, lilianza kuhusishwa na tezi dume mwaka 2006. Sisi weusi linatuhusu zaidi, maana baadhi ya tofauti za pale zimejaa kwa watu wenye asili ya Afrika. Hata utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Uganda uliliona eneo hilohilo.

Ila hilo la damu moja halikai hivyo. Ndugu wa baba na mama mmoja wanafanana kwa takriban nusu. Majibu yake si yako.

Mswahili wa Likoni
Dada, hesabu hizo walizipata kwa kupima akina nani?

Binti Maabara
Wengi wao Wazungu, ndiyo shida yenyewe. Alama za jumla, yaani punje zote zikijumlishwa kuwa namba moja ya hatari, zilizotengenezwa kwa damu za Ulaya zinapungua makali zikipelekwa kwa Mwafrika. Ile asilimia ya kwenye ripoti nisingeikosea usingizi.

Zamu ya Usiku
Mimi ni daktari. Kaka, kabla ya 8q24, mzee wako. Mwanaume ambaye baba yake aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya asiye na historia hiyo, na mzee aligundulika kabla ya 65. Marekani watu wa aina yako hushauriwa kuanza mazungumzo ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, wakiwa na miaka 45, kwa hiyo wakati wako umefika. Usingoje dalili, saratani hii mwanzoni mara nyingi haina. PSA ikipanda nayo usilie: tezi ikivimba kwa umri au ukiwa na maambukizi, inapanda. Tena kipimo hiki kinaweza kuibua saratani ya polepole ambayo isingekusumbua maisha yako yote, kwa hiyo ongea na daktari kwanza.

Swali: upande wa baba kuna mwanamke aliyeugua titi au ovari?

Mtu wa Ngerengere
Shangazi mkubwa. Titi, alikuwa hajafika 50. Alitibiwa Ocean Road, yupo hai.

Zamu ya Usiku
Aa, ungeanza na hilo! Baba tezi dume, dada yake titi kabla ya 50: hapo nawaza zile adimu, sio za kawaida. Na msitulizwe na kichupa cha posta. Vipimo vingi vya namna hiyo hukagua sehemu chache tu, wakati hitilafu za BRCA zinazojulikana ni zaidi ya elfu moja. Anayefaa kupimwa kwanza ni aliyeugua, yaani shangazi, hospitalini, kwa ushauri nasaha. Akikutwa nayo, ndipo ninyi mnatafutiwa hiyohiyo. Asipokutwa, mmepunguziwa mzigo mkubwa.

Mtu wa Ngerengere
Shangazi mwenyewe mkali, hapendi ugonjwa wake utajwe.

Binti Maabara
Mtume mama. Mwambieni ni kwa ajili ya mabinti zake pia, na akikataa, muacheni.

Zamu ya Usiku
Wakati huo PSA yako iendelee. Siku mbili kabla ya kutoa damu, baiskeli weka pembeni, na mama watoto pia. Vyote vinaweza kupandisha namba.

Kobe wa Pugu
Baiskeli sawa, daktari. Hilo la pili utamwambia wewe shemeji.