Geji ya tenki la choo kwenye boti imeganda kwenye nusu, msaada wakuu

Mshipi_Mrefu:
Wakuu habari za saa hizi. Nina boti ya tanga futi 34, nimeichukua mtumba, ina choo kimoja cha kupampu kwa mkono na tenki la maji machafu liko chini ya kitanda cha mbele. Tenki ni plastiki nyeupe, lita 80 kwa mujibu wa kibandiko. Shida ni geji, mwanzoni ilikuwa inapanda vizuri tu, sasa imeganda kwenye nusu. Ukitoka kunyonywa (mashine kuvuta uchafu wote kutoka kwenye tenki) nusu, ukikaa siku tano na wageni wanne nusu, boti ikilalia ubavu nayo inasema nusu.

Juzi nikaiamini. Wa mwisho kuingia chooni akakuta pampu ngumu, badala ya kuuliza akaongeza nguvu (na kijana ana mikono huyo), mara harufu ya mayai viza boti nzima na maji ya kahawia yanachuruzika nje ubavuni kutoka kwenye tundu la kupumulia. Wageni wote wako juu wanapiga stori. Aibu niliyopata sitaki hata kuielezea.

Sasa naomba ushauri, ninunue sensa (kile kifaa cha ndani ya tenki kinachoipa geji kipimo) ileile niweke mpya au kuna njia nyingine ya kujua tenki limefika wapi?

FundiNgamani:
Pole mkuu. Kabla hujanunua kitu jua kwanza anayekudanganya ni nani, geji au sensa. Chomoa waya wa ishara pale juu ya tenki, washa swichi, angalia mshale umeenda wapi. Halafu huo waya uguse kwenye hasi. Mshale ukikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwisho wa pili basi geji nzima na waya mzima, mgonjwa yuko ndani ya tenki. Mshale usipocheza angalia viungio, kutu ya maji chumvi inakula sana hapo.

Na kwa kuwa ni mtumba angalia pia kama geji na sensa zinaelewana. Za Marekani zinatoka omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tenki likiwa tupu hadi 33 likijaa, za Ulaya zinaanza karibu na 10 zinapanda hadi 180. Ukichanganya unapata geji inayosema limejaa wakati ni tupu. Ila yako kuganda katikati mi naweka dau floti (kile kiboya cha sensa kinachopanda na kushuka na maji) imenasa.

Kasia_Moja:
Si utoe huo uchafu wa floti uweke sensa ya mawimbi ya sauti pale juu, haigusi kitu, mambo yameisha

TeziNaOmo:
@Kasia_Moja hayajaisha ndugu yangu, niliiweka mimi hiyo. Mvuke unaganda kwenye uso wake inaanza kusoma matone yake yenyewe, na bahari ikichafuka kidogo tu povu linaichanganya. Kingine hawakwambii dukani, sehemu ya juu kabisa karibu na sensa haioni chochote, na tenki la boti lilivyo fupi hiyo sehemu ndiyo hiyohiyo unayotaka kuijua.

Mtoa mada, floti nimefungua yangu mwaka jana. Ile kola inayotakiwa kuteleza kwenye kijiti ilikuwa imevaa koti la tishu, tabaka juu ya tabaka, katikati kuna unga mgumu wa rangi ya kijivu kama chokaa, huo unatokana na mkojo kukutana na maji ya bahari, nikaukwangua kwa kisu. Nikasafisha, nikarudisha, ikafanya kazi miezi miwili ikanasa tena. Nikasema basi, kitu chochote cha kucheza ndani ya lile tenki ni cha muda.

Sasa hivi nina utepe wa kubandika nje ya tenki, unahisi kimiminika kupitia plastiki. Piga msasa mwepesi, futa kwa spiriti, bandika wima toka chini hadi juu, mbali na chuma chochote. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi huko ngamani sirudi tena na kisu hahaha

Chelezo:
Na kama tenki ni la chuma? Langu ni stenlesi

TeziNaOmo:
Huo utepe hausomi kwenye chuma. Kuna aina nyingine inabandikwa nje pia ila yenyewe inatikisa ukuta wa tenki kidogo halafu inasikiliza mtikisiko, ukuta wenye maji nyuma yake hautikisiki sawa na mtupu. Ni kama unavyogonga pipa kwa kidole ukajua maji yameishia wapi. Hiyo inakubali chuma. Ila ukifika huko chini angalia na mishono ya kulehemu, hewa ya mle ndani inakula chuma.

Chelezo:
Daah asante. Ila mi naona mnajitesa, bahari kubwa hii, fungua valvu mwaga, geji ya nini

FundiNgamani:
@Chelezo MARPOL (mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari) inasema uchafu ambao haujatibiwa ni zaidi ya maili 12 za baharini toka nchi kavu, tena chombo kikiwa kinatembea si chini ya noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa). Hiyo ni kwa meli za tani 400 kwenda juu au zinazobeba zaidi ya watu 15, sisi wadogo kila nchi ina sheria yake na nyingine ni kali kuliko hiyo, Marekani ndani ya maili 3 hairuhusiwi na valvu inatakiwa iwe imefungwa kabisa isifunguke kwa bahati mbaya. Halafu hapo unapomwaga kuna watu wanaogelea.

Mshipi_Mrefu, nimesahau jambo kubwa kuliko geji. Tenki likishafurika mpaka kwenye tundu la kupumulia, ile njia ya hewa ina tishu ndani yake sasa hivi. USIENDE kunyonywa kabla hujaisafisha, mashine itavuta, hewa haingii, tenki la plastiki linakunjamana kama chupa. Na ukifungua kifuniko cha juu fungua taratibu, uso uweke pembeni, kama kuna presha itakuogesha. Madirisha wazi yote. Ile hewa ya mayai viza ni sumu na ikiwa kali pua inaacha kuisikia, kwa hiyo usijipe moyo kwamba harufu imeisha.

Mama_Demani:
Wanangu mnaongea nyaya tu. Mimi miaka yote natumia daftari. Funga valvu ya chini inayoingiza maji ya bahari chooni, chomoa mpira unaovuta maji ya bahari, utie kwenye ndoo yenye alama za lita. Flashi mara 10 kama mnavyoflashi siku zote, msijibane, angalia ndoo imepungua ngapi, gawa kwa 10. Ukishajua hiyo namba, karatasi inabandikwa mlangoni, kila anayetoka anachora kijistari. Na tenki nyeupe hilo mwanangu, usiku weka tochi nyuma yake utaona mstari wenyewe kwa macho.

Mshipi_Mrefu:
Wakuu narudi na mrejesho. Waya nimegusisha, mshale ukakimbia vizuri, kwa hiyo ni floti. Njia ya hewa ndiyo balaa, pale kwenye kijiwavu cha nje palikuwa na donge la tishu gumu kama udongo wa mfinyanzi, nimelichokoa kwa waya, nikapitisha maji ya bomba kutoka nje kurudi ndani mpaka yakapita yenyewe. Baada ya hapo ndio nikaenda kunyonywa.

Ndoo ya Mama_Demani: flashi 10 zimekula lita 23. Kwa hiyo lita 60 ni kama flashi 26, hapo ndio mwisho wetu.

Tenki likiwa tupu na limesuuzwa nikamimina maji lita kumi kumi, tochi nyuma, kila mara nachora mstari kwa maka. Kumbe tenki ni jembamba chini kufuata umbo la boti, nusu ya kimo ni lita 31 tu! Hata geji ingekuwa nzima bado ingenidanganya. Floti nimeitupa, tundu lake nimeziba, utepe nimebandika, na nimeongeza sensa ndogo moja kwenye mstari wa 60 inawasha taa nyekundu. Boti ikilala upande inawaka kabla ya wakati, ila nikitia nanga inatulia.

Kasia_Moja:
Na karatasi ya mlangoni?

Mshipi_Mrefu:
Ipo. Juzi imesema 19, mistari ya maka inasema lita 52. Kuna mtu hachori.

Mama_Demani:
Yupo siku zote. Na kalamu ifunge kwa uzi, wanaondoka nayo.